Fundi Aliyetuchagulia Vinanda

Pale Majengo, Nyeri, alijulikana kwa kutengeneza redio, lakini sisi tuliotoka makanisani na mashuleni hatukumjua kwa redio. Kwetu alikuwa mzee wa kuonwa kabla hujanunua kinanda. Watu walitoka Karatina na Othaya, wengine mpaka Murang'a huko, kumwuliza swali moja tu: kwa hiki kidogo nilicho nacho, na kucheza sijui, ninunue kinanda gani? Na yeye, Mwislamu aliyeswali msikiti wa hatua chache kutoka dukani kwake, alichagulia watu wa makanisa ya Nyeri vinanda vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nitamwita Fundi kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Jina lake ninalijua, lakini kuna siku nilitakiwa kulitaja nikakataa, na sioni kama nina haki ya kulitaja leo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kufungukia barabarani. Mezani kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na hewa ya mle ndani ilinuka risasi ya kuchomea waya. Mafundi wengine wa redio ungewasikia kabla hujawaona, maana walifungulia redio zote kwa pamoja ili mji ujue wapo. Duka la Fundi lilikuwa kimya. Akishaunga waya aliwasha redio, akasikia maneno mawili matatu ya mtangazaji, akaizima. Nilimwuliza mara moja kwa nini hata habari hasikilizi. Akasema redio ikishaongea yeye amemaliza nayo, inayosema ni mambo ya mwenyewe.

Alikuwa mwongo, na hilo nalisema kwa mapenzi. Redio ikiwa kwake ilikuwa inatoka kesho, na kesho yake ilikuwa haifiki. Kuna mama mmoja wa Ruring'u aliyekuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni na kusema hataondoka bila redio yake. Fundi akamtengenezea chai, wakazungumza mpaka jioni, na mama akaenda zake na kiti bila redio. Lakini kwa habari za vinanda, mtu huyo huyo hakusema neno moja la uongo. Ungekuja na kinanda ulichonunua kwa fahari, umekibeba kwa shuka kama mtoto mchanga, naye angekigeuza, akakitingisha sikioni, akakwambia umeuziwa kitu cha kuchezea watoto. Wengine walitoka pale wakilia.

Mimi nilimwendea katika miaka ya themanini mwishoni. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Gatitu, na kwaya ya kanisa letu iliimba kwa ngoma na kayamba tu. Nilikuwa nimeshikwa na tamaa ya kucheza kinanda. Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa naota vidole vyangu vinatembea. Mjini, kwenye dirisha la duka moja, kulikuwa na kinanda kidogo cheusi, kipya, chenye sauti mia moja ndani yake: tarumbeta, zeze, mpaka ndege. Nilipita pale kila Jumamosi kukitazama. Nilikwenda kwa Fundi si kuuliza, bali kutaka aniambie nimechagua vizuri.

Hakuuliza habari za kinanda. Alisema, "Lete mkono."

Alikuwa na kipande cha bati alichokikata kwa mkasi, upana wake sawasawa na upana wa kitufe cha piano ya kanisa kubwa. Alikilaza juu ya kila kidole changu, kimoja kimoja. Vidole vyangu ni vya mtu aliyelima na kuchuma chai tangu utoto, vinene, na niliona haya kuvitandaza pale mezani. Yeye aliviangalia kama anavyoangalia waya.

"Ile ya dirishani ni ya mkono ya mtoto," akasema. "Utajifunza, sikatai. Halafu siku utakaa kwa kinanda ya ukweli, vidole zitaanguka katikati ya vitufe. Utaanza upya na umeshazeeka."

Nikamwambia ile ya dirishani ina sauti mia. Akaniuliza nataka kuimba na sauti ngapi.

Hakumruhusu mwanagenzi yeyote kununua siku hiyo hiyo. Alikuwa na ubao, mbao ya kawaida ya mti wa mukima iliyopigwa randa, ambayo alikuwa amechora vitufe vyote vya do tano, yaani do re mi iliyorudiwa mara tano, kwa rangi nyeupe na nyeusi, kwa kipimo kile kile cha bati. Alikuazima ubao huo wiki tatu. Ulikwenda nao nyumbani, ukauweka mezani, ukafanya mazoezi ya vidole juu ya mbao isiyolia. Ukichoka na ubao, alisema, ungechoka na kinanda pia, na ubao ni wa bure. Wengi waliurudisha kabla ya wiki moja, wakamshukuru kwa kuwaokolea pesa, na ilikuwa hivyo kweli. Mimi niliukalia wiki tatu kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Jirani yangu, aliyesikia tok tok tok ukutani, alidhani napasua karanga. Niliporudisha ubao aliuchunguza, akaona rangi imefifia mahali fulani upande wa kulia, akasema kidole changu cha nne ni kivivu. Alisema kweli, na mpaka leo ni kivivu.

Alikuwa na maswali ambayo hakuna mwenye duka angekuuliza. Unakaa wapi? Kuna stima? Unapikia chumba hicho hicho? Moshi wa kuni unaingia chini ya vitufe ukagandamana. Kuna mende? Mende wanapenda kulala ndani ya kitu chenye joto. Sisi wengi hatukuwa na stima, kwa hiyo swali lake kubwa lilikuwa betri. Juu ya rafu alikuwa ameweka kinanda kilichokufa, na kila mwanagenzi alionyeshwa. Alifungua kifuniko cha nyuma, ukaona kutu ya kijani imekula vyuma vyote, maana mwenyewe aliacha betri humo mpaka zikatoa maji. Alikushikisha uguse kwa kidole. Alitaka mtu ajue kinanda kinakula betri ngapi na za ukubwa gani, na kama zinapatikana kioski cha karibu, kabla hajajua kinalia vipi. Nusu ya mazoezi alitaka yafanywe kikiwa kimezimwa.

Wenye maduka hawakumpenda. Alipoingia na mteja, mmoja wao, aliyekuwa na duka kubwa karibu na soko, alianza kupanga bidhaa kwa nguvu. Fundi aliomba kinanda kikiwa kimezimwa, akapitisha kidole kwenye vitufe vyote kutoka kushoto hadi kulia polepole, akisikiliza mlio wa plastiki tu, maana kitufe kitakachokufa mapema hubonyea tofauti na wenzake. Kisha akakiwasha, akabonyeza vitufe vinne kwa pamoja. Vile vya ovyo vilitoa sauti tatu, ya nne ikapotea. Akabonyeza sauti ya chini kabisa, akaishikilia na kuishikilia mpaka wateja wengine wakatazamana, akingoja kusikia kama spika inakwaruza. Baada ya hapo alishukuru kwa adabu na mara nyingi akatoka bila kununua.

Kitu alichokichukia kuliko vyote kilikuwa kitufe cha midundo, kile ukibonyeza kinanda kinajipigia ngoma chenyewe. Mwanagenzi akikigusa, alisema, atacheza na mashine mpaka mashine imzoee, na siku ya kucheza na watu atakuwa mgeni. Alikuwa anakifunika kwa plasta ya kidonda ili usikibonyeze. Basi alasiri moja nilipita nyuma ya duka lake, na mle ndani nikasikia midundo ya rumba. Nilichungulia. Fundi alikuwa peke yake, kinanda cha mteja mapajani, plasta imebanduliwa, mabega yake yanakwenda juu na chini na macho ameyafumba. Nilirudi nyuma taratibu, nikakohoa kwa sauti, nikaja na njia ya mbele. Nilipoingia plasta ilikuwa mahali pake, naye aliniuliza kwa ukali kama nimefanya mazoezi.

Na kucheza hakujua. Hili watu wengi hawakuamini. Alipanda do re mi kwa kidole kimoja mpaka juu akashuka, basi. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini asijifunze, na kila mara alikuwa na jibu jipya: macho, kazi, mgongo. Siku moja tu alinijibu vizuri. Alisema amechagulia watu vinanda miaka mingi, vimekwenda makanisani na mashuleni, na hajawahi kusikia hata kimoja kikipigwa wimbo mpaka mwisho. Watu wakishapata, wanakwenda. Kinanda anakisikia tena kikirudi kimeharibika. Hakulalamika alipolisema hilo. Alikuwa anakaza skrubu.

Changu alikipata Nanyuki, kwa mfanyabiashara wa mifugo aliyeswali naye kila alipokwenda huko. Mtu huyo alikuwa amekinunua kutoka nyumba ya Wazungu waliokuwa wanahama, akawapa watoto wake, watoto wakashindwa. Kilikuwa kizee, kizito, rangi ya majivu, sauti nane tu, na kitufe kimoja cha pembeni kilikuwa na alama ya kuungua. Lakini vitufe vilikuwa vipana na do zilikuwa tano kamili. Kando ya kile cheusi cha dirishani kilionekana kama sanduku la fundi viatu. Bei yake ilikuwa nusu ya kile. Fundi alikifungua pale pale sebuleni kwa mwenye ng'ombe, akakisafisha kwa brashi ya meno, akapitisha kidole, akashikilia ile sauti ya chini, kisha akanigeukia na kutikisa kichwa kwamba ndiyo. Sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Tangu siku hiyo alikizungumzia kinanda kile kama vile ni mpwa wake.

Hakutaka malipo. Alikuwa hatozi pesa ya kuchagua, alipokea majani ya chai au yai, na mara nyingi hata hayo alimpa jirani. Kwangu aliomba kitu kimoja. Tulikuwa tumesimama mlangoni kwake nimeshika kinanda.

"Siku utapiga kanisani, niambie," akasema. "Nitakaa nyuma kabisa. Nataka nisikie moja mpaka mwisho."

Nikamwahidi, na wakati ule niliahidi kwa moyo wote.

Nilijifunza miezi saba. Kamati ya kanisa iliposikia kwamba nataka kuleta kinanda ibadani waliniita. Walikuwa wazee watano, wote ninawafahamu, na mwenyekiti wao alikuwa mtu wa makamo mwenye mashamba ya kahawa, mpole kwa kawaida. Walitaka kujua kama chombo kile kitaleta mambo ya baa. Nikawaeleza. Wakaridhika. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu niondoke, mwenyekiti akauliza swali la mwisho, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za nyumbani.

"Na hii kinanda, Mwalimu, ulichaguliwa na nani? Ati kuna mtu amesema ni yule Mwislamu wa redio."

Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyekunja uso. Niliona tu wazee watano wananitazama, nikaona miezi yangu saba, nikafikiri nikisema ndiyo wataanza kunong'ona, na Jumapili yangu itaharibika kabla sijaifikia. Nikasema, "Nilichagua mwenyewe. Niliuliza watu wa Nairobi."

Mwenyekiti akasema vizuri, na tukafunga kwa sala. Katika sala hiyo aliniombea mimi na hekima yangu ya kuchagua. Nilisema amina.

Jumapili ya kukiombea kinanda ilipangwa. Na hapo ndipo niliona shimo nililojichimbia. Fundi akija na kofia yake na kukaa nyuma, kila mtu atajua. Mwenyekiti atamwuliza, naye kwa mambo ya vinanda hadanganyi. Nilizunguka na jambo hilo siku nne. Alhamisi nikaenda Majengo. Alikuwa ameinama juu ya redio. Nikamwambia siku imepatikana, ni Jumapili ya pili.

"Si hii?" akauliza.

"Si hii, Fundi. Hii kuna mkutano."

Alichukua kikaratasi, vile vile vya kuandika majina ya wenye redio, akaandika tarehe niliyomwambia, akakibandika ukutani juu ya meza yake. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, na mimi nilisimama pale nikitazama tarehe ya uongo ikiandikwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kalamu yake ilikwama wino, akaitingisha, akarudia tarakimu ya mwisho. Muda wote huo nilikuwa na nafasi.

Jumapili ya kweli nilicheza nyimbo tatu. Sikukosea sana. Kina mama walipiga vigelegele, mwenyekiti akaweka mkono juu ya kinanda na kukiombea, na watoto wangu wa shule walisimama juu ya mabenchi kuona vidole vyangu. Ilikuwa siku niliyoiota. Nikaila kama mtu anayekula chakula cha mwenzake, nikitupa macho mlangoni.

Jumapili iliyofuata sikuwepo. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa dada yangu Kangari, nikasema mtoto wake anaumwa. Mtoto alikuwa mzima, anakimbiza kuku. Dada yangu aliniuliza nimekuja kwa nini bila taarifa, nikamwambia nimemkumbuka. Siku nzima ya Jumapili nilimsaidia kupalilia mboga, na kila nilipotazama jua nilihesabu: sasa anatoka Majengo, sasa amefika Gatitu, sasa amekaa.

Niliporudi walinisimulia bila mimi kuuliza, maana lilikuwa jambo la kusimuliwa. Alikuja kwa miguu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, koti jeusi juu yake na kofia safi. Kina mama wa benchi la nyuma walisogea wakampa nafasi bila neno. Alikaa ibada nzima, mahubiri, matangazo, sadaka na yote. Kinanda kilikuwa mbele kimefunikwa kitambaa cheupe. Ibada ilipokwisha alisalimiana na watu mlangoni, na mwenyekiti, yule yule, alimshika mkono kwa mikono miwili na kumwomba aje siku moja kutazama kipaza sauti cha kanisa ambacho kilikuwa kinapiga kelele. Wiki iliyofuata Fundi alikuja akakitengeneza, na mwenyekiti akamnywesha chai ofisini, na wakawa wanasalimiana mjini kama marafiki. Huyo ndiye mwenyekiti niliyekuwa nimemwogopa.

Nilikaa mwezi mzima bila kupita Majengo. Nilipokwenda, nilikuwa na maneno tayari.

"Nilikuja," akasema kabla sijakaa.

Nikamwambia niliitwa ghafla Kangari, mtoto wa dada aliumwa. Akasema pole, akauliza mtoto anaendeleaje. Nikasema amepona. Hakuuliza kitu kingine. Nilipokuwa bado pale, aliingia kijana mmoja wa kutoka Mukurwe-ini, amevua kofia, kumwuliza habari za kinanda cha kuanzia. Fundi hakumwambia alete mkono. Alimwambia siku hizi hachagui, aende dukani wamsaidie. Nilidhani ni uchovu, au uzee, au kazi zimemzidi. Yule kijana nilimkuta baadaye mjini amebeba kwapani kile cheusi cha dirishani.

Baada ya hapo nilihamishwa shule nyingine, kisha nyingine. Nilipokuja mjini nilitumia barabara ya juu. Unaweza kuishi miaka mingi kwa barabara ya juu. Nilisikia amefunga duka, nikasikia mkewe amefariki, nikatuma salamu za rambirambi kwa mtu ambaye sina hakika kama alizifikisha. Kinanda kilinitumikia muda wote huo. Nilifundishia watoto kwacho, na kila mtoto aliyeanza nilimwambia alete mkono. Walifikiri ni utaratibu wangu. Sikuwaambia niliupata wapi.

Miaka kumi na miwili baada ya Jumapili ile nilikwenda Nanyuki na wanafunzi kwenye mashindano ya kuimba. Nilijua binti yake ameolewa huko na kwamba anakaa naye. Wanafunzi walipokuwa wanakula, niliulizia msikitini, nikaelekezwa nyumba ya mabati yenye ua wa maua mekundu. Binti yake alinikaribisha, akaniketisha, akaniletea chai na mahamri. Fundi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, macho yameingia ukungu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Niliposema shikamoo tu alinijua.

Akamwambia binti yake, "Huyu ndiye yule mwalimu nilikuambia. Ndiye alinialika kanisani."

Binti yake akacheka kwa furaha, akasema hadithi hiyo wameisikia mpaka watoto wanaijua: vile babu alialikwa na Wakristo, akakalishwa kwenye benchi, mkubwa wao akamshika mkono. Kati ya watu wote aliowachagulia vinanda, Mwalimu peke yake alimkumbuka. Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Lakini kosa ilikuwa yangu," Fundi akasema. "Nilimwuliza yule mama tulikaa na yeye, mbona kinanda hailii. Akaniambia labda betri zimeisha. Nikajua. Nilikuchagulia kitu ya kula betri. Siku yako kubwa ikakuaibisha, ukaona heri uende kwa dada yako. Nikasema kama nimeshindwa kuchagua hii, na niliifungua kwa mkono yangu, basi hakuna nyingine nitachagua."

Miaka yote nilikuwa nimedhani nimemnyima nyimbo tatu tu. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake, ile aliyoipenda na kuifanya bila uongo, na alikuwa ameiacha kwa sababu yangu akidhani ameiharibu mwenyewe. Na sasa kulikuwa na mambo mawili mbele yangu, mwaliko wake na ukweli, nami singeweza kumpa yote mawili. Nikinyamaza, angebaki na mwaliko wake na lile kosa ambalo si lake. Nikisema, kosa lingemtoka, na mwaliko ungekwenda nalo, na binti yake amesimama pale na birika anatabasamu. Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba ndiyo, betri zilikuwa zimeisha.

Nikasema, "Fundi, betri hazikuisha. Nilikudanganya siku. Nilicheza Jumapili ya kwanza, ile niliyokwambia kuna mkutano. Wazee waliniuliza nani alinichagulia kinanda, nikakukana. Nikaogopa ukija watajua."

Binti yake aliweka birika mezani. Fundi aliuelekeza uso dirishani. Nilidhani ataniambia niondoke. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya dukani, ya kuuliza mteja.

"Hiyo Jumapili ya kwanza. Betri zilishika?"

"Zilishika. Nyimbo tatu."

"Sauti ya chini ilikwaruza?"

"Haikukwaruza hata kidogo."

"Na sasa iko wapi?"

Nikamwambia kiko nyumbani kwangu, kinalia, nimefundishia watoto kumi na wawili, na nimebadilisha waya mmoja tu. Akauliza waya gani. Nikamweleza. Akauliza kama nazitoa betri usiku, nikasema kila usiku. Aliendelea hivyo, swali baada ya swali, kila kitufe na kila skrubu, na nilivyojibu mgongo wake uliacha kiti ukanyooka. Kuhusu wazee na ile Jumapili hakuuliza lolote.

Maswali yalipokwisha nikamwambia anisamehe.

"Miaka hii yote niliikasirikia hiyo kinanda," akasema. "Kumbe haikuwa na kosa."

Nikangoja aseme la pili. Nje mwadhini alianza kuadhini alasiri. Fundi alinyoosha mkono, binti yake akaushika na kumwinua, wakaenda nyuma ya nyumba kutawadha. Nilimsikia akimweleza njiani kwamba kile cha Wazungu, cha rangi ya majivu, bado kinafanya kazi. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha. Nilikaa mpaka binti yake akarudi peke yake, na hakuniongezea chai.